Mwalimu Aliyeacha Kunifuta

Nimewahi kuwaonea watu wivu wa mali, wa wake na hata wa viatu, lakini sijapata kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea mwenzangu mmoja tuliyesoma naye uhandisi. Sababu ilikuwa moja tu: yeye alikosolewa kila wiki, mimi sikukosolewa. Alitoka chumbani kwa mwalimu jasho linamtiririka, shati jeupe kwa vumbi la chaki, akatangaza kwa majivuno, "Leo nimefutwa ubao mzima!" Mimi nilitoka msafi kama nilivyoingia. Hasira ya jambo hilo ninayo mpaka leo.

Ilikuwa Kampala, miaka ya Sabini, wakati wa serikali ya wanajeshi, nami nilikuwa nasomea shahada ya pili ya uhandisi wa ujenzi. Wazungu waliotufundisha walikuwa wameondoka mmoja mmoja, kwa likizo zisizoisha. Kisha Wahindi wakafukuzwa, na pamoja nao akaenda mzee mmoja aliyelijua zege kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Maabara ikabaki na mashine nyingi kuliko watu wa kuzielewa. Wakubwa wa chuo wakaona hakuna njia nyingine: wanaosomea shahada ya tatu, ya udaktari, wawalee wanaosomea shahada ya pili. Kila mmoja wetu akapewa mlezi.

Wangu alikuwa Muganda mwembamba, mkazi wa Kisugu, mwenye mke na watoto wadogo, na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Hakunizidi sana umri. Yeye mwenyewe alikuwa yatima wa masomo, maana aliyekuwa akimsimamia ni yule mzee Mhindi. Alitaka kumaliza udaktari wake, kisha aanzishe maabara ndogo ya kupima vifaa vya ujenzi vya watu wa vijijini, ili mtu akijenga kalvati kwa fedha za kanisa au za msikiti lisichukuliwe na mvua ya kwanza. Alilisema jambo hilo mara chache, na kwa haya, kama mtu anayekutajia mchumba.

Kutoka kwa mzee wake alirithi desturi ya ubao. Kila Alhamisi mwanafunzi alisimama ubaoni akaandika kazi yake ya wiki: alichochanganya, alichopima, alichopata, na alichodhani kinamaanisha nini. Mlezi alikaa nyuma kimya, dasta mkononi. Ukishamaliza aliinuka, akafuta kila kitu ambacho hukuwa na ushahidi nacho. Hakusema umekosea. Alifuta, akakugeukia, akangoja. Kilichobaki ubaoni ndicho ulichokijua kweli, na siku nyingi hakikubaki kitu.

Mara yangu ya kwanza alinifuta mpaka kichwa cha habari.

Nilikuwa nimeandika kwamba natafuta namna ya kujenga kwa majivu ya volkano badala ya simenti. Simenti siku hizo ilipatikana kwa magendo tu, tena kwa kumjua mtu. Huko magharibi ya nchi, kwenye milima iliyowahi kutoa moto, majivu yalikuwa yamelala bure, na nilisoma kwamba ukiyachanganya na chokaa yanashikana. Akafuta "badala ya". Akaniuliza, "Kijana, unataka kuipunguza simenti au kuiondoa? Ni kazi mbili tofauti. Amua kwanza." Kwa kuwa tulizungumza Kiingereza pale chuoni, maneno yake yalikuwa ya adabu, lakini masikio yangu yalipata moto. Niliondoka nimevunjika, na njiani kuelekea nyumbani nikagundua kwamba nimefurahi. Mtu alikuwa amenisoma. Nilijua ninachokitaka maishani: kukaa katika maabara ile, kutafiti, na siku moja kuwa mimi ndiye mwenye dasta.

Na lazima niseme kilichoningoja nikishindwa. Kaka yangu alikuwa sajini jeshini, na alishanitafutia nafasi katika kikosi cha ujenzi. Ningevaa sare, ningejenga mabweni ya askari, ningesema "ndiyo, afande" mpaka nizeeke. Mwisho wa masomo angekuja mtahini kutoka nje ya nchi, asiyemjua kaka yangu wala kumwogopa, aivunje mwenyewe michemraba yangu ya zege ya majaribio. Ikistahimili, nabaki chuoni. Ikisagika, naenda kambini.

Nyumbani kwetu ni Kyebando. Sisi ni Wanubi. Babu yetu aliletwa na jeshi la Waingereza, na tangu hapo kila kizazi kimetoa askari. Baba alifariki nikiwa mdogo, kaka akanilea pamoja na mama. Jioni ile, tukiwa tunakula, nikamwambia kwamba mwalimu amenifuta kazi yote, mpaka kichwa.

Kaka akaacha kutafuna. "Mpaka kichwa?"

"Mpaka kichwa."

"Huyo ndiyo mwalimu sasa," akasema, na uso wake ukang'aa. "Huyo lazima mimi nimuone."

Kwetu mtoto hapelekwi kwa mwalimu wa Kurani mikono mitupu. Mzazi huchonga ufito mzuri, akauweka mbele ya mwalimu, akasema: huyu ni wako, akistahili mchape, sitakuja kukuuliza. Ni heshima kubwa ambayo mzazi anaweza kumpa mwalimu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi mwenyewe nilipelekwa hivyo chuo cha Kurani nikiwa mtoto, na ni kaka aliyenipeleka.

Basi, siku chache baadaye, nikiwa maabara na mlezi wangu tunapima chokaa, nikasikia landrova ikifunga breki nje. Viatu vizito vikaja ukumbini. Milango ikawa inafungwa mmoja baada ya mwingine. Kaka akaingia na sare yake kamili, ametoka kazini moja kwa moja, bastola kiunoni, ufito mkononi. Ulikuwa umechongwa vizuri na kupakwa mafuta.

Akauweka mezani, mbele ya mlezi wangu.

"Mwalimu, huyu mtoto yangu," akasema. "Leo mimi naleta yeye kwako. Fimbo ni hii. Mimi nataka yeye atoke hapa mtu."

Mlezi wangu alikuwa amesimama, sijui hata alisimama saa ngapi. "Ndiyo, afande," akasema.

"Atatoka mtu?"

"Atatoka, afande."

Kaka akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama unavyomshika shehe, akaondoka ameridhika. Landrova ikaunguruma ikapotea. Mlezi wangu akaketi, akautazama ule ufito bila kuugusa.

Nilimweleza palepale. Nilimwambia ni desturi yetu, kwamba fimbo ile ni ya kunipiga mimi, kwamba kaka amemheshimu kuliko anavyowaheshimu wakubwa wake kambini. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kutikisa kichwa haraka haraka. Akacheka kwa meno matupu. "Naelewa, bwana," akasema. "Naelewa kabisa." Mpaka asubuhi ile alikuwa akiniita kijana. Tangu hapo nikawa bwana.

Alhamisi iliyofuata niliandika kazi yangu ubaoni. Mlezi akainuka na dasta, akatazama mstari wa kwanza, akatazama wa mwisho. Akaiweka dasta chini.

"Nzuri," akasema. "Endelea, bwana."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa, wiki baada ya wiki. Nzuri. Nzuri sana. Endelea. Kazi yenyewe haikuwa nzuri hata kidogo, na nilijua. Tulimimina zege katika vibati vya mraba, tukaitoa michemraba ikishakauka, tukailowesha kwenye tangi la maji ikomae, kisha tukaiweka kwenye mashine ya kuponda tuone inavunjika kwa uzito gani. Yangu haikuwa na msimamo. Wiki hii ingebeba nyumba, wiki ijayo ingebomoka kama mkate mkavu. Mchanganyiko uleule, mikono ileile. Nilibadilisha chokaa, nikachekecha majivu upya, nikalaumu mashine. Nilimuuliza mlezi wangu, akanijibu bila kunitazama, "Hiyo ni tabia ya zege, bwana." Tabia ya zege! Jibu kama hilo hata mpiga ramli angeona haya kulitoa.

Kupitia ukutani nilimsikia mlezi wangu akimfundisha yule mwenzangu, mtu wa Fort Portal, kwa sauti yake ya zamani. Dasta ilikuwa ikigonga ubao. Nilikaa nje nikisikiliza masomo ya mtu mwingine, na nikimchukia mtu huyo.

Siku moja uvumilivu ukaniisha. Niliandika ubaoni upuuzi wa makusudi: kwamba mchemraba wangu wa majivu na chokaa, bila simenti hata chembe, umekuwa na nguvu kuliko chuma. Mtoto wa shule ya msingi angecheka. Mlezi wangu akasimama mbele ya ubao kwa muda mrefu. Nikaomba moyoni: futa. Nakuomba, futa.

"Ni matokeo ya kuvutia," akasema.

Nilifuta mwenyewe. Nilifuta kwa kiganja mpaka ubao ukalia, naye akasimama pale akinitazama kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua.

Nilipomlalamikia yule mtu wa Fort Portal, alichungulia kwanza mlangoni. "Unataka akufute," akasema, "halafu jioni ukamsimulie nani?" Nikamwambia mimi si kachero, ni mhandisi. Akasema hajasema kitu. Watu wote siku hizo walikuwa hawajasema kitu. Kiswahili changu tu kilitosha kunyamazisha chumba, maana kilikuwa lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani, na mimi nilikua nacho pamoja na Kinubi chetu.

Nikaenda kumlipukia kaka. Nilimwambia fimbo yake imeniharibia masomo, mwalimu anamwogopa, na kwa mwendo huo mtahini atanifanya kichekesho. Kaka hakunielewa haraka. Alikuwa ameketi kwenye jamvi, akinisikiliza kama anayesikiliza habari ya msiba.

"Mimi nilimpa heshima," akasema.

"Yeye aliona bastola."

"Mimi sikugusa bastola."

"Hukuhitaji kuigusa, kaka."

Sijawahi kumwona ameumia vile, hata alipomzika baba. Mtu huyu alikuwa amenibeba mgongoni, amenilipia karo kwa mshahara wa askari, na sasa namwambia kwamba mwili wake ukiingia mahali watu wanaacha kusema kweli. Niliona uchungu wake lakini sikumhurumia kama ilivyopasa, kwa sababu hasira yangu ilikuwa bado mbichi.

Ijumaa ile, baada ya swala, akaenda chuoni bila kuniambia. Kusudi asitishe mtu kwa sare, alivaa kanzu, koti juu yake, na miwani yake ya jua kwa sababu macho yalikuwa yanamsumbua. Aliniletea habari jioni, amejaa furaha.

"Nimemaliza hiyo maneno," akasema. "Mimi nilifunga mlango, watu wasisikie. Nikachukua fimbo yangu. Nikamwambia, mwalimu, samahani, wewe usiogope. Nikamwambia mimi najua nyumba yako, iko Kisugu. Siku moja nitakuja kusalimia watoto."

Nilijishika kichwa. Sare watu walikuwa wameizoea. Waliowatia watu baridi ya mifupa ni wale makachero waliokuja na nguo za kiraia na miwani myeusi, wakafunga mlango kwa upole, wakasema usiogope. Kaka, kwa moyo mweupe kabisa, alikuwa amekwenda kuomba radhi akiwa na umbo la yule mtu ambaye Kampala nzima ilimwota usiku. Nilitaka kumweleza. Nikatazama alivyotulia, nikaona sina pa kuanzia.

Alhamisi ikafika. Niliingia nimekata tamaa, nikaandika yangu, nikasogea pembeni kungoja "nzuri".

Mlezi wangu akainuka. Akachukua dasta. Akafuta mstari wa kwanza.

Akafuta wa pili. Akafuta lile jedwali lote la uzito wa kuvunjika, kutoka juu hadi chini. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane akanisemesha kwa Kiswahili, kile cha sokoni Nateete, na alikuwa amekasirika.

"Mchanga yako inalala wapi?"

"Nje, mwalimu. Nyuma ya maabara."

"Mvua ikinyesha, hiyo mchanga inakunywa nini? Chai?"

Akagonga ubao kwa dasta.

"Inakunywa maji! Halafu wewe nakuja na ndoo yako, naongeza maji ingine kama mchanga iko kavu. Kira wiki ya mvua zege yako inakuwa uji. Kira wiki ya jua inakuwa mawe. Halafu wewe nauriza mimi kwa nini!"

Mchanga. Sikuwahi kuhesabu maji yaliyokuwa tayari ndani ya mchanga. Mwaka mzima nilikuwa nikilaumu majivu, chokaa na mashine, kumbe mvua ilikuwa ikichanganya zege pamoja nami.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza.

Akaonyesha dirisha. Rundo langu la mchanga lilionekana pale, chini kabisa ya dirisha lake. "Toka mwanzo," akasema. "Kira siku mimi naona."

Nilitaka kumshika shati. Nilitaka pia kumbusu mkono. Nikamwambia alikuwa amenitupa. Akavua miwani akaifuta, akasema polepole, sasa kwa Kiingereza chake cha adabu, kwamba kunyamaza kule kumemuumiza kila Alhamisi, kwamba mzee wake angemwonea aibu. Kisha akachukua chaki. Alinifundisha kupima mchanga mbichi, kuukausha juu ya bati lenye moto, kuupima tena, na kuitoa tofauti kwenye maji ya ndoo. Akanifuta hesabu za chokaa. Akanifuta hitimisho. Akaniambia nisimdanganye mtahini kwamba majivu yataiondoa simenti. Yataipunguza, na hilo peke yake ni jambo kubwa kwa mtu anayejenga. Tulikaa mpaka jua likashuka kwenye vioo. Aliongea haraka, bila kupumzika, kama anayepakia gari. Mimi nilidhani ni furaha ya mtu aliyefunguliwa mdomo.

Nilikimbia karibu njia yote hadi Kyebando. "Kaka," nikasema mlangoni, "amenifuta! Amenifuta kila kitu!" Kaka alinikumbatia, akampigia mama kelele jikoni aongeze chakula. Akasema, "Unaona? Mtu ni kuongea na mtu."

Jumatatu mlango wa mlezi wangu ulikuwa umefungwa. Jumanne pia. Yule mtu wa Fort Portal alinisogelea kwenye tangi la maji, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwalimu amevuka mpaka wa Kenya na mkewe na watoto, wameacha hata sufuria mekoni. Alivyonitazama, nilijua anadhani mimi ndiye niliyemkimbiza. Nilifungua mdomo nijitetee, nikafunga. Ile siku ya ubao ilikuwa ya kuaga. Aliniambia kweli kwa sababu moyoni alikuwa amekwishaondoka. Kilichobaki pale mbele yangu kilikuwa mwili tu ukingoja basi.

Jioni kaka aliniuliza, "Mwalimu bado anakufuta?"

Kaka alikuwa askari. Askari akijua kwamba mtu amekimbia nchi hutakiwa kusema, na walikuwapo ndugu wa mlezi wangu waliobaki Kisugu. Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba alikuwa ameuliza kwa uso wa mtoto.

"Ndiyo, kaka," nikasema. "Ananifuta."

Nikaendelea kumjibu hivyo kila alipouliza. Alipotaka kwenda Kisugu kusalimia watoto nilimwambia mwalimu hapendi wageni mpaka mwanafunzi wake amalize. Kaka akaliheshimu hilo. Mchana nilikausha mchanga kwenye bati peke yangu, nikamimina, nikalowesha, nikaponda, nikajiandikia ubaoni katika chumba kitupu na kujifuta mwenyewe, lakini mtu hawezi kufuta asichokiona. Nilikuwa namhitaji. Nilimlaani, nikamwombea dua, wakati mwingine kwa pumzi ileile.

Mtahini alikuja, akavunja michemraba yangu. Ilistahimili, si yote, lakini ya kutosha, na nikapewa shahada na nafasi ya kufundisha. Ukumbini walisema ni mkono wa kaka yangu. Hakuna aliyeniambia usoni, nami sikuwa na wa kumwita shahidi.

Nyumbani kaka alinunua mbuzi. Alikuwa amevua shati, ananoa kisu, akaniambia nikamlete mwalimu wangu, kwamba leo hakubali kisingizio, nyama ya kwanza ni yake. Sikuwa na uongo uliobaki. Nikamwambia mwalimu aliondoka nchini zamani, alivuka usiku na familia yake.

Kaka akaacha kunoa. Akakiweka kisu chini, kwa huzuni ya kweli.

"Maskini," akasema. "Mtu mzuri kama yule. Alikuwa anakimbia nani?"

Nikamwambia sijui. Akaniomba nimshikie miguu ya mbuzi, nikamshikia.